Nimegeuza Lamu kuwa ramani ya gemu, Shela ikapata mlima wa kushindana na Kilimanjaro. Nimekosea wapi?

#1 Tanga Moja
Wadau salaam. Naomba msaada, na najua mtacheka kwanza.

Natengeneza gemu ya mashindano ya mashua. Unaanzia Shela, unapita mbele ya mji wa Amu (ndio Lamu mjini), unaingia Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, unatokea upande wa Pate, unamalizia Faza. Sikutaka kuchora visiwa kwa mkono. Nikasema ipo data ya mwinuko ya NASA, ile ya SRTM, ni bure, kila seli ni kama mita 30 ardhini. Nikaandika programu kwa Python: inafungua faili, inasoma namba, inazigeuza picha ya kijivu, palipoinuka peupe na palipo chini peusi. Injini ya gemu inaifuata ile picha na kuinua ardhi.

Usiku wa kwanza nilishusha faili la S02E040, maana Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini. Nikapata karibu bara tupu, Ijara huko. Kumbe jina la faili ni la pembe ya kusini-magharibi, kwa hiyo sisi tumo ndani ya S03E040. Hilo nililigundua mwenyewe, nipeni haki yangu.

Usiku wa pili Shela ikatokea. Lakini michanga yetu imekuwa milima! Seli moja inasoma mita 5,888. Kibo ni 5,895, yaani tumepungukiwa saba tu. Jirani yake inasoma 2,304, na nyingine 4,608. Bahari yenyewe iko sawa, sifuri kote.

Nimekosea wapi?

#2 Fundi Chapati
Usirekebishe kitu. Watalii waache kwenda Moshi waje Shela.

#3 Mmalindi Halisi
Watu wa Amu mmejisifu mpaka kompyuta imeamini.

#4 Baiti Mbili
Kaka, gawa namba zako kwa 256. 5,888 inakuwa 23. 2,304 inakuwa 9. 4,608 inakuwa 18. Hiyo si milima, ni baiti zilizosomwa kinyumenyume.

Kila mwinuko kwenye faili la .hgt, hilo ulilolishusha, umeandikwa kwa baiti mbili, na baiti kubwa ndiyo inayotangulia. Kompyuta zetu nyingi zinatarajia ndogo itangulie. Ni kama mtu kaandika 0023 kwa kuanzia kushoto nawe ukaisoma kwa kuanzia kulia kama Kiarabu. Kwenye numpy, ile maktaba ya namba ya Python, weka '>i2' pale ulipoweka '<i2', mlima utaanguka wenyewe. Bahari haikuharibika kwa sababu sifuri ukiigeuza inabaki sifuri.

Ukiwa hapo hapo, pima ukubwa wa faili. La mita 30 lina seli 3601 kwa 3601, baiti 25,934,402 bila kupungua hata moja. Ukikuta 2,884,802 umeshusha la mita 90, la 1201 kwa 1201. Mstari wa kwanza ni wa kaskazini. Ukiuweka chini, Faza itahamia kusini mwa Shela. Na ukikutana na -32768 usiipeleke kwenye gemu. Maana yake hapo hapakupatikana kipimo. Ukiipeleka, mashua itatumbukia ahera.

#5 Tanga Moja
Baiti Mbili, Mola akulipe. Mlima umeanguka, Shela ni michanga tena.

Sasa yamekuja mengine. Siyu na Faza ziko ng'ambo ya nyuzi 41 mashariki, kwa hiyo nimeshusha na S03E041 nikayaunganisha. Pale yanapokutana pana ukuta unaokipasua kisiwa cha Pate kutoka kaskazini hadi kusini, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Hilo naona ni kosa la programu yangu.

Linaloniumiza kichwa ni Mkanda. Kingo zake zimesimama kama majabali, mashua inapita korongoni! Kila aliyepita pale anajua ni mikoko na matope. Pengine Mkanda wenyewe umeziba kabisa, nchi kavu. Na mji wa Amu umekaa kama kichuguu nyuma ya gati. Nikipandisha maji ya gemu mita mbili yafanane na bamvua, yanaingia kwenye mashamba ambayo sijawahi kuyaona na maji ya bahari, lakini mikoko, ambayo ndiyo huzama kweli, haiguswi hata mguu.

#6 Baiti Mbili
Ukuta wa Pate: nadhani unanyoosha kijivu cha kila faili kivyake, la kwanza kutoka chini yake hadi juu yake, la pili vivyo hivyo. Faili la kushoto lina bara kubwa na vilele vyake, la kulia karibu lote ni bahari na visiwa. Kijivu kile kile kinamaanisha mita tofauti huku na huku. Unganisha namba kwanza, kijivu baadaye. Na safu ya mwisho ya faili la kushoto ndiyo ile ile ya kwanza ya la kulia, ndiyo sababu ni 3601 wala si 3600. Itupe moja.

Hayo ya Mkanda ngoja nifikirie.

#7 Nahodha Mstaafu
Wanangu, mimi si mtu wa kompyuta, nimeoneshwa uzi huu na mjukuu. Nimepita Mkanda miaka mingi kuliko umri wenu. Naomba kuuliza neno moya: huyo aliyepima, alipima mai yakiwa wapi? Yameyaa au yamepwa? Maana Mkanda wa bamvua yaliyotoka si Mkanda wa bamvua yaliyoyaa. Mai yakitoka utashuka usukume kwa pondo, na ukichelewa utalala pale na mbu hadi yarudi. Ndia ile ile, siku ile ile.

#8 Fundi Chapati
Ami Nahodha, shikamoo. Kiswahili cha "moya" na "ndia" hiki kitawatoa jasho watu wa Nairobi humu 😂

#9 Mmalindi Halisi
Swali la Ami ni zuri. Setilaiti haijui kupwa wala kujaa, inapita tu. Na kwa taarifa yenu mambo ya setilaiti sisi wa Malindi ndio wenyewe. Jukwaa la San Marco pale Ngomeni limerusha setilaiti wakati wengine mnahesabu punda.

#10 Fundi Chapati
Limerusha ngapi mwaka huu?

#11 Mmalindi Halisi
Usinichokoze. Mara ya mwisho ilikuwa 1988, lakini Uhuru ilirushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Nyinyi mna nini?

#12 Punda wa Mkomani
Punda.

#13 Mpimaji
Turudi kwenye mada. Nirekebishe kidogo #9: SRTM haikuwa setilaiti. Ilikuwa rada iliyobebwa na chombo cha anga kinachokwenda na kurudi, Endeavour, Februari 2000, safari ya siku 11. Antena moja ilikuwa ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 ulionyooshwa nje. Rada inapiga wimbi, mwangwi unapokelewa na antena mbili, na tofauti ndogo baina ya miangwi hiyo ndiyo inayotoa mwinuko. Walipima kuanzia nyuzi 60 kaskazini hadi 56 kusini.

Kwa hiyo jibu kwa Nahodha: sehemu nyingi zilipigwa zaidi ya mara moja ndani ya siku hizo 11, kisha vipimo vikachanganywa. Saa tofauti, maji tofauti. Si kujaa wala si kupwa, ni mchanganyiko wa yote.

#14 Nahodha Mstaafu
Basi wamepima bahari ambayo haipo.

#15 Bi Mikoko
Nimecheka na Nahodha, lakini hapa mimi sikubaliani na habari ya maji. Korongo la Tanga Moja ni mikoko yenyewe, hamna cha zaidi.

Nafanya kazi na kikundi cha akina mama tunaopanda mikoko upande wa Pate. Wimbi la ile rada lilikuwa na urefu kama wa sentimita 5.6. Wimbi fupi hivyo haliupenyi msitu ukafika kwenye matope. Linaingia kidogo kwenye majani na matawi, kisha linarudi. Kwa hiyo namba uliyoisoma kando ya Mkanda si mwinuko wa ardhi, ni mahali fulani baina ya tope na kilele cha mkoko. Mkoko wa boriti ukiwa umesimama vizuri unaizidi nyumba. Sasa msitu wa namna hiyo ukiishia ghafla kwenye mkondo wa maji, kompyuta itaona nini kama si jabali?

Wanasayansi wametumia kosa hilo hilo kama faida. Waliichukua data hii ya SRTM wakakadiria urefu wa mikoko ya Afrika nzima, kwa hoja kwamba chini ya mkoko ardhi iko usawa wa bahari, hivyo chochote kilicho juu ni mti. Na Lamu ndiyo yenye mikoko mingi kuliko kaunti yoyote Kenya. Ulitaka ramani ya ardhi, mdogo wangu, umepewa ramani ya misitu.

#16 Tanga Moja
Dada, hili limenikaa. Kwa hiyo na kichuguu cha mji ni nyumba?

#17 Bi Mikoko
Ni nyumba. Nyumba za mawe za ghorofa, zimebanana, vichochoro vya punda wawili wasipishane. Seli moja ya mita 30 inameza nyumba kadhaa na vichochoro vyake pamoja. Rada haitaona uchochoro, itaona dari.

#18 Mpimaji
Bi Mikoko ana hoja, ila isiwe kwamba kila kitu ni miti. Mji wa Amu umejengwa kwenye ardhi inayopanda kutoka ufukweni, nendeni kwa miguu toka gati hadi juu nyuma ya mji mnipe habari ya magoti yenu. Sehemu ya kichuguu ni kweli.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni hili. Lengo la SRTM lilikuwa kosa la mwinuko lisizidi mita 16 kwa vipimo 90 katika 100. Kwa mlima wa mita elfu tatu hiyo si kitu. Kwa Lamu, mita 16 inafunika mashamba, mji na sehemu kubwa ya visiwa. Kwa kawaida inafanya vizuri zaidi ya hapo, lakini mnabishana juu ya mita mbili za bamvua kwa kutumia rula ambayo haikuundwa kuona mita mbili. Mashamba yaliyozama kwenye gemu huenda hayana siri yoyote. Ni mtetemo wa kipimo tu.

#19 Baiti Mbili
Nimefikiria. Nina sababu ya tatu kuhusu Mkanda kuziba.

Data mbichi ya rada juu ya maji ni fujo, maji yanarudisha mwangwi hovyo. Kwa hiyo kabla ya kuitoa waliisafisha: bahari yote wakaiweka sifuri, maziwa wakayalaza, mito mipana wakaichonga. Na walikuwa na vipimo vyao. Ziwa lisilofika urefu wa mita 600 waliliacha. Mto usiofika upana wa mita 183 waliuacha. Kisiwa kidogo sana nacho kilipotea. Sasa kihori chembamba katikati ya mikoko kinahesabiwa nini, bahari au mto? Kikihesabiwa mto na ni chembamba, hakikuchongwa. Seli zake zimebaki na namba za miti ya pande zote mbili. Ndiyo nchi kavu yako.

Hivyo kuta ni za Bi Mikoko, lakini kuziba ni kwa waliosafisha.

#20 Nahodha Mstaafu
Na mimi nasema ni mai. Mlisema wenyewe, wamechanganya. Palipokuwa pamekauka saa ya kupima, si watapaita nti? Kuna mafungu pale mtu anatembea kwa miguu, na saa sita baadaye jahazi inapita yuu yake.

#21 Bi Mikoko
Ami, fungu likikauka litasoma mita moja, halisomi mita 12.

#22 Nahodha Mstaafu
Hakuna aliyetaja mita 12 humu isipokuwa wewe.

#23 Fundi Chapati
Hapo Ami amefunga goli. Bi Mikoko, VAR.

#24 Tanga Moja
Nimeenda kuangalia namba zenyewe badala ya picha. Kando ya Mkanda kuna seli za 7, za 11, mpaka 14. Penye kuziba kuna 2, 3, moja 6. Kwa hiyo kuta ni za Bi Mikoko nadhani, na kuziba sijui niwape nani.

#25 Bi Mikoko
14! Nilikuwa nimewapunja.

#26 Kijukuu
Hamjambo, mimi niko Tanga, miaka 16. Nilifanya hivi kwa Minecraft, bloku moja mita moja. Tangu toleo la 2021 dunia ya Minecraft inafika 319 kwenda juu, kwa hiyo Lamu nzima inaingia bila kubanwa, Usambara ndiyo ilinishinda. Lakini ardhi yangu imetoka ngazi ngazi kama msikiti wa kale. Kila mraba wa bloku 30 uko bapa, halafu ghafla ngazi.

#27 Baiti Mbili
Kijukuu, karibu. Mraba bapa ni kwa sababu seli moja umeirudia mara 30 kwa 30. Kadiria katikati ya seli nne za jirani badala ya kunakili moja. Ila kuna ngazi za pili ambazo hilo halizitoi zote: SRTM imeandikwa kwa mita kamili, hakuna nusu. Kwenye nchi ya mteremko mdogo unapata 4, 4, 4, 4, 5, 5, 5. Geuza ziwe namba za desimali, zilainishe kidogo, ndipo uzikuze.

Na wewe Tanga Moja, kama picha yako ya kijivu ni ya biti 8 una ngazi 256 tu za rangi. Ukizitandaza kutoka sifuri hadi Mlima Kenya, ngazi moja inazidi mita 20, karibu Lamu yote inaingia kwenye rangi mbili tatu. Tumia biti 16.

#28 Mpimaji
Kulainisha ni kusema uongo kwa adabu. Lakini kwa gemu, haya.

#29 Mmalindi Halisi
Kwetu nililainisha Marafa nikajuta. Lile korongo la Nyari, kuta zake za mchanga mwekundu na mweupe, mtu akisimama ukingoni kichwa kinamzunguka. Kwenye data ya mita 30 tayari lilikuwa limekuwa bakuli. Baada ya kulainisha likawa sahani. Nguzo ya Vasco da Gama ndiyo hata usiulize, haionekani. Na mlango wa Sabaki umechorwa mahali ulipokuwa 2000, wakati ule mchanga unahama kila masika.

#30 Punda wa Mkomani
Hata bandari mpya ya Kililana haimo. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ramani ni ya 2000. Mashua zenu zitapita juu ya makontena.

#31 Mpimaji
Kweli kabisa. Na wasikwambie tumia Copernicus, data ya mwinuko ya Ulaya ya mita 30, ukadhani ndiyo mpya. Rada zake zilikusanya kati ya mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2015, bandari haimo vilevile. Ila ni safi kuliko SRTM, na haina kigugumizi cha mita kamili. Miti nayo bado imo. Ipo iliyotengenezwa kutokana nayo, FABDEM, kazi ya Chuo Kikuu cha Bristol, wamejaribu kuondoa misitu na majengo kwa hesabu. Lakini leseni yake hairuhusu biashara, na Tanga Moja hajatuambia kama gemu ni ya kuuza.

#32 Tanga Moja
Ni ya kuuza, mkuu. Kwa nini nikeshe?

Nina swali jingine. Majina ya vijiji niliyatoa kwenye ramani ya zamani ya serikali, ile ya 1:50,000 aliyoniachia babu. Nikaingiza namba zake kwenye gemu. Matondoni imeingia majini.

#33 Nahodha Mstaafu
Matondoni majini! Kijana, mimi nimeandika haya nikiwa Matondoni, nimekaa kitako, miguu mikavu.

#34 Mpimaji
Ramani hizo za zamani zinatumia mfumo wa Arc 1960, SRTM inatumia WGS84. Umbo la dunia wanaloanzia ni tofauti. Namba ya Arc 1960 ukiichora kama WGS84 bila kuigeuza, kwetu huku kila kitu kinasogea kaskazini kama mita 300, na magharibi kidogo. Matondoni iko ufuo wa kaskazini wa kisiwa, kwa hiyo isogee iende wapi isipokuwa majini? Iambie GDAL, programu ya bure ya kugeuza ramani, mfumo ambao ramani yako inautumia, igeuze. Ukanda wetu kwenye gridi ya mita ya UTM ni 37 kusini.

Usiivute kwa jicho. Ukiivuta Matondoni ikae sawa, utaharibu Kipungani.

#35 Tanga Moja
Ahsante. Nilikuwa nimeanza kuivuta kwa jicho.

#36 Nahodha Mstaafu
Sasa mimi swali langu. Hii ni gemu ya mashua. Mnazungumza nti tangu asubuhi. Kina cha mai kiko wapi?

#37 Fundi Chapati
...

#38 Baiti Mbili
Ami ametushika pabaya. SRTM haijui kina. Bahari yote ni sifuri, bapa kama meza. Kina utakitoa GEBCO, ramani ya sakafu za bahari dunia nzima, lakini seli yake ni sekunde 15, karibu mita 460. Mlango kati ya Shela na Manda utapata seli moja au mbili. Mkanda hautapata hata moja.

#39 Mpimaji
Na hata ukipata ramani ya mabaharia yenye vina vya uhakika, usivibandike tu chini ya SRTM. Sifuri zake ni mbili tofauti. Sifuri ya ramani ya nchi kavu ni wastani wa bahari. Sifuri ya ramani ya mabaharia ni maji ya chini kabisa, ili nahodha asidanganyike akapanda mwamba. Kati yake kuna karibu nusu ya bamvua. Ukiziunganisha ovyo, ukingo wote wa Lamu utapata ngazi.

#40 Nahodha Mstaafu
Sifuri ya mabaharia ndiyo sifuri ya watu wenye akili.

#41 Bi Mikoko
Tanga Moja, mimi nina wazo. Kwa kuwa njia yako ni moja, Shela hadi Faza, ni kilomita thelathini na kitu kwa mstari ulionyooka. Mraba wa seli 1025 kwa 1025 unaitosha, na injini nyingi zinaupenda ukubwa huo. Usihangaike na kina cha bahari nzima. Chora Mkanda kwa mkono kwa maneno ya Ami: hapa pondo, hapa mbio, hapa fungu. Mikoko iondoe kwa kukata: palipo na msitu kwenye picha za setilaiti, lazimisha ardhi iwe nusu mita, halafu panda miti ya gemu juu yake. Bahari iwe na saa yake, ijae na kupwa.

#42 Baiti Mbili
Hapo utakuwa umetupa data na kurudi kuchora kwa mkono, kitu alichokikimbia post #1.

#43 Bi Mikoko
Amekikimbia, na kimemkuta Mkanda.

#44 Mpimaji
Mimi bado nasema asilazimishe nusu mita. Hajapima. Aseme tu hajui, aweke sifuri.

#45 Nahodha Mstaafu
Kijana, uko Shela? Njoo Matondoni na hiyo kompyuta yako, bamvua la mwezi huu likitoka. Tutaingia Mkanda na pondo. Mimi nitasukuma, wewe utaandika. Tutaona ni miti au ni mai.

#46 Tanga Moja
Ami, nakuja. Nikuletee nini?

#47 Nahodha Mstaafu
Tumbaku, na dawa ya mbu.

#48 Fundi Chapati
Mimi nataka kujua kama punda watakuwemo kwenye gemu.

#49 Tanga Moja
Watakuwa ufukweni wanaangalia.

#50 Punda wa Mkomani
Hatuangalii. Tunabeba mawe.

#51 Mgeni wa Jana
Habari za humu wadau. Nimejiunga leo, nimependa mada. Nimejaribu na mimi kwa upande wa Malindi mjini, lakini karibu na uwanja wa ndege nimepata mlima wa mita 2,560. Je, ni NASA waliokosea au kuna kitu pale serikali inaficha?

#52 Mmalindi Halisi
Nyamaza, mlima ni wetu.

#53 Baiti Mbili
Post #4.